Safu ya Nne

Mhando amerudi kutoka Lushoto na Marekani nzima simuni.
Mwaka wa pili wa sheria, na mwalimu kawapa swali:
mtoto akizaliwa kule, mama yake hana karatasi,
ni wa kule, au ni wa alikotoka mama?

Anasoma kwa sauti barazani, Barabara ya Kumi na Nne.
Mimi natoa dagaa vichwa.

"Sikiliza, bibi. Katiba yao inasema
wote waliozaliwa hapa, mkato,
na walio chini ya mamlaka ya nchi hii, ni raia.
Vita vyote viko baada ya huo mkato."
Wengine wasema mamlaka ni ile iwezayo kukukamata ukiiba kuku.
Wengine wasema hapana, ni utii,
na aliyevuka mpaka usiku, utii wake bado uko njiani.
Wengine wanafukua kamusi za karne na nusu
kumwuliza marehemu alikusudia nini.
Waamuzi ni tisa, majoho meusi,
ustaafu wao ni hiari yao au sanda.

Nikasema, rudia hapo penye mkato.
Akarudia.

Miaka thelathini na mmoja nilishika wodi ya wazazi, Bombo.
Daftari letu lilikuwa na safu saba.
Namba, jina la mama, saa,
na ya nne, mahali.
Hiyo niliijaza bila kuinua kichwa:
Bombo. Bombo. Bombo.
Pacha: Bombo, Bombo.
Kuna mmoja hakuisubiri machela, nikasita kidogo,
nikaandika: Bombo, ngazini.

Masika ya themanini na tatu akaletwa Nahimana
kwa trekta la mkonge kutoka Marungu.
Kiswahili chake maneno matatu: maji, uchungu, Mungu.
Umeme ukakatika kichwa cha mtoto kiko nje.
Mhando, waandikie hao waheshimiwa wako:
kwa dakika kumi na saba yule kichanga
alikuwa chini ya mamlaka ya kurunzi yangu,
nami chini ya mamlaka yake.
Alipolia, wodi nzima ilitii.

Asubuhi akaja karani, kalamu sikioni.
Wa wapi huyu?
Nikamwonyesha safu ya nne.
Nauliza asili, akasema.
Nikamjibu, asili haina safu.
Akachukua rula akaichora, pembeni kabisa,
nje ya mstari mwekundu.
Kwa hiyo safu ya asili nayo ilizaliwa Bombo,
na hakuna aliyeiuliza mama yake nani.

Mhando kacheka, kaandika, kisha kaacha kucheka.
"Lakini bibi, wa upande wa pili nao wana hoja.
Nyumba ina mlango. Mwenyewe asipochagua wa kuingia,
hiyo si nyumba, ni stendi."
Sikumkatalia. Mimi mwenyewe usiku natia komeo,
na tangu waibe redio nimeongeza kufuli.
Nikafikiri mpaka dagaa wakaisha.
Nikamwambia tu kwamba mtoto hakuingia.
Alianza.

Ndipo akauliza, mwanasheria kwelikweli:
"Na cheti chako wewe, bibi, kiko wapi?"

Nikanawa mikono, polepole, kwa ndimu.
Mama yangu Asinawi alivuka Ruvuma kwa miguu,
akapewa kipande cha siku thelathini,
akanizaa Kigombe, kambini, korona inanguruma.
Msimamizi hakuandika kwamba nimefika.
Aliandika kwenye kipande cha mama, mraba wa kumi na tisa:
hakufanya kazi.

Kipo kwenye kopo la Kimbo, chini ya vifungo.
Nikamletea.
Mhando akakishika kwa ncha za vidole,
akakisoma mbele, akakigeuza, akakisoma nyuma pasipo na kitu,
akaizima simu,
akaniuliza kama nitakunywa chai.